Kabla ya Kutia Mkasi

Ndugu mwenyekiti, wakubwa wangu shikamooni. Mafundi wenzangu wa cherehani, na nyinyi vijana mnaosomea ubunifu wa mavazi, hamjambo.

Nimeombwa niseme juu ya nguo za kufumwa za Waquechua, watu wa milima ya Andes. Nitasema, lakini mkae mkijua kwamba nina ugomvi, na ugomvi wangu ni na mkasi. Siku hizi simu zenu zimejaa mitindo inayoitwa "ya Peru": poncho, mishipi ya rangirangi, kofia zinazoshuka hadi masikioni. Wapo wanaoagiza vitambaa hivyo, wakavitandaza mezani, wakapiga chaki na kukata koti. Sisemi wametenda dhambi. Nasema wamekata kitu ambacho hawakukitazama.

Hii iliyo hapa mbele inaitwa lliklla. Ni mtandio wa mabegani wa mwanamke wa Kiquechua wa upande wa Cusco, kusini mwa Peru. Nimeiazima, kwa hiyo mwenye mafuta ya maandazi mikononi asubiri. Wengine pitishianeni, na kila atakayeipokea anitafutie mahali ilipokatwa. Tafuteni ukingo uliopindwa, au uliopigwa ovaloki, au unaochomoka nyuzi.

Naona mnaigeuzageuza. Mtaigeuza mpaka jioni.

Vitambaa tunavyovizoea hutoka kwenye jora. Jora lina kingo mbili nzuri za pembeni; miisho mingine miwili ni ya mkasi wa mwenye duka. Hata kanga huja doti ikiwa imeungana, mama akaikata katikati na kuipeleka kupindwa. Lliklla ina kingo nne, na zote nne zimefumwa. Nyuzi za mtande, yaani zile za urefu, zinafika mwisho wa nguo, zinageuka, zinarudi zilikotoka. Haikukatwa popote kwa sababu haikuwahi kuwa sehemu ya kitu kirefu zaidi. Mfumaji alijua urefu na upana wake kabla hajatanda uzi wa kwanza.

Ngojeni niwaambie inavyofanyika, maana mambo yote mengine yanatokana na hapo.

Mji wa Chinchero, karibu na Cusco, uko zaidi ya mita 3,700 juu ya usawa wa bahari. Waliopanda Kilimanjaro wanaikumbuka kambi ya Horombo na baridi yake. Chinchero iko kwenye kimo hicho, ila kule watu hawapumziki usiku mmoja wakashuka. Wanazaliwa huko, wanalima viazi huko, na nguo yao ni sufu. Sufu ya alpaca na llama, ambao ni jamaa za ngamia wasio na nundu, na sufu ya kondoo, aliyeletwa na Wahispania katika karne ya 16. Yuko pia vicuña, mnyama wa mwituni mwenye manyoya laini kuliko wote. Zama za Wainka, waliotawala Andes kabla ya Wahispania, nguo ya manyoya yake haikuwa ya kila mtu.

Sufu husafishwa, pale Chinchero kwa mzizi unaotoa povu kama sabuni, kisha husokotwa kwa pushka, kijiti chembamba chenye kigurudumu kidogo cha mti upande wa chini. Pushka haina kiti wala mahali pake. Mwanamke anasokota akienda shambani, akichunga, akikaa mkutanoni na kubishana na mwenyekiti wa kijiji. Uzi ukishasokotwa, nyuzi mbili huunganishwa na kusokotwa tena kwa nguvu, hadi ukiulegeza unajikunja wenyewe. Mkiona lliklla imekaza hivyo, na manyunyu yanateleza juu yake, chanzo ni msokoto huo. Watu husifu ufumaji wakasahau kwamba sehemu kubwa ya saa za kazi huishia kwenye uzi.

Kisha kutanda. Vigingi vinapigwa chini, wanawake wawili wanaketi wakitazamana na kurushiana donge la uzi, huku likizunguka vigingi. Kila rangi ina hesabu yake. Hapa ndipo sampuli inapoamuliwa, kwa sababu katika nguo hizi mtande ndio unaoonekana. Mshindio, uzi unaopita kwa kukingama, umejificha ndani. Ukikosea hesabu ya nyuzi katika kutanda, kosa hilo litakufuata hadi mwisho wa nguo.

Chombo chenyewe cha kufumia ni fimbo chache na kamba. Ncha moja inafungwa kwenye kigingi au mti, nyingine inafungwa kwenye mkanda unaozunguka kiuno cha mfumaji. Akiegemea nyuma, nyuzi zinakaza. Akiinama mbele, zinalegea. Akiitwa nyumbani, anaviringisha kila kitu na kuondoka nacho. Mbele yake hakuna karatasi ya mchoro. Anaokota nyuzi kwa vidole, hizi juu, zile chini, mstari baada ya mstari, akikumbuka hesabu kichwani, na kila baada ya mshindio anashindilia kwa ruki, mfupa wa llama uliochongwa ncha. Ncha ya ruki husugua nyuzi miaka na miaka mpaka inang'aa.

Sasa fikirini. Ikiwa kingo zote nne zinafumwa, kazi inamalizikaje? Mfumaji anaanza upande mmoja, anafuma kidogo, kisha anaigeuza kazi na kuanza upande wa pili, akija kukutana na alichokiacha. Nafasi inazidi kubana. Mwishowe fimbo hazipiti tena, anazitoa, anabaki na sindano akipitisha mshindio mmoja mmoja mahali ambapo hata kidole hakiingii. Mkipapasa mtapaona: pana msongamano kidogo, na sampuli inabadilika au inakatika kwa kipande kifupi. Mnunuzi asiyejua huona hapo pana kasoro, akaomba apunguziwe bei.

Halafu anafuma nusu ya pili, pacha wa hii, na kuziunga katikati kwa mshono wa rangi. Lliklla kwa kawaida ni vipande viwili. Wale wa Chinchero wanaongeza pindo jembamba la mviringo kuzunguka nguo nzima, lenye mfululizo wa vimacho, ambalo linafumwa na kushonwa kwa wakati uleule. Nimejaribu kulifuata kwa macho nikashindwa, na mimi hushona hata gauni la harusi.

Yote hiyo ni wiki nyingi za kazi, pengine miezi, maana mfumaji huyohuyo ana viazi vya kuvuna na watoto wa kulisha.

Tena si jambo la leo. Mwaka 1927 mwanaakiolojia wa Peru, Julio C. Tello, na wenzake walifukua kwenye rasi ya Paracas, jangwani kando ya bahari, mamia ya maiti zilizoviringishwa kwa nguo. Nguo hizo zina umri wa karibu miaka 2,000, na zimepambwa kwa darizi ambayo rangi zake bado zina nguvu. Zenyewe zilifumwa hivihivi, zikiwa kamili kingo zote. Baadaye, zama za Wainka, hata vazi la mwanamume lililopitishwa kichwani, unku, halikutobolewa shingo kwa kisu: mfumaji aliacha mwanya katikati huku akifuma. Nyinyi mnaopambana na shingo ya gauni, hebu fikirieni kuifuma.

Kwa Wainka nguo ilikuwa hazina ya dola. Watu walitoa kodi kwa kufuma, maghala yalijaa nguo, askari walilipwa kwa nguo, na mfalme alipotaka kumheshimu mtu alimvika nguo. Walikuwapo wanawake waliochaguliwa tangu wasichana, wakawekwa pamoja kufuma qompi, kitambaa cha daraja la juu kabisa. Wahispania walipofika wakitafuta dhahabu, waliwakuta watu wanaothamini zaidi kitambaa.

Na ndiyo maana nguo ikaja kuwa hatari. Mwaka 1780 José Gabriel Condorcanqui, aliyejiita Túpac Amaru wa Pili, aliongoza uasi mkubwa dhidi ya utawala wa Hispania. Aliuawa hadharani Cusco mwezi Mei 1781. José Antonio de Areche, afisa wa mfalme, hakuishia kwenye hukumu ya kifo. Alipiga marufuku pia mavazi ya Kiinka, pamoja na picha na maigizo yaliyowakumbusha watu wafalme wao. Serikali ikifika mahali pa kuogopa shati, ujue shati hilo linasema kitu.

Hapa nisipowaeleza jambo moja, mtatoka na picha ya uongo. Sketi nene za wanawake wa Cusco, pollera, zina asili ya Hispania. Vikoti vifupi na kofia pana za montera pia zimetoka kwenye mavazi ya Kihispania. Waquechua walizichukua, wakaongeza zao, na leo montera inakuambia mwenyewe anatoka kijiji gani. Sisi tunaovaa leso zilizoanza kama vitambaa vya biashara kutoka ng'ambo hatuna sababu ya kuwashangaa.

Lakini sikilizeni, maana hapa ndipo mkasi unaporudi. Pollera hukatwa na kushonwa. Vikoti na suruali hukatwa na kushonwa. Kipo kitambaa kinaitwa bayeta, cha sufu, kinachofumwa kwa mtambo wa kukanyaga kwa miguu uliokuja na Wahispania. Hicho hufumwa kirefu, kwa ajili ya kukatwa. Katika bonde la Colca, mkoa wa Arequipa, mafundi wanaume kwa wanawake wanatarizi vikoti na sketi kwa cherehani, kazi nzito yenye maua, ndege na samaki. Kwa hiyo msije mkasema Waquechua hawajui mkasi, au wanauogopa. Wanaujua vizuri. Wana kitambaa cha kukata na nguo ya kutokata, na hawachanganyi.

Na nguo za kutokata ni nyingi kuliko lliklla. Ipo ya kubebea mzigo au mtoto mgongoni, mbeleko kabisa. Ipo unkhuña, kitambaa kidogo cha kufungia chakula au majani ya koka. Ipo ch'uspa, mfuko mdogo wa majani ya koka, ambao wanaume huuvaa begani na kukaribishana majani wanapokutana. Ipo chumpi, mshipi wa kiuno, mpana na mgumu. Na ipo mishipi ya kumviringishia mtoto mchanga ili alale amenyooka. Mtandio wenyewe hufungwa kifuani kwa tupu, pini ndefu yenye kichwa kipana, ambayo zamani ilikuwa ya shaba au fedha. Na kuna jakima, utepe mwembamba usiofika upana wa vidole vitatu. Wasichana wa Chinchero huanzia hapo. Wanajifunza sampuli moja kwenye utepe, kisha nyingine, na baada ya miaka sampuli hizo zinapangwa pamoja kwenye mtandio mmoja. Hakuna anayeanza na lliklla. Niwatazame walimu wa vyuo vyetu, au niache?

Kuhusu rangi, hii nyekundu imetoka kwa mdudu. Anaitwa kochinili, anaishi juu ya mpungate akijifunika unga mweupe. Majike hukusanywa, hukaushwa na kusagwa. Sufu huchemshwa humo pamoja na shabu, hii shabu mnayoijua, nayo ndiyo inayoshikisha rangi. Ukitia limau, nyekundu inaelekea kwenye chungwa. Ukitia madini ya chuma, inakuwa zambarau ya giza. Kijani hupatikana kwa majani ya chilca, njano kwa maua ya q'olle. Wahispania walipoigundua kochinili huko Amerika waliifanya siri ya biashara, na Ulaya ikaivaa makanzu ya makadinali na makoti ya maofisa wa jeshi la Uingereza. Leo Peru ndiyo inayoongoza duniani kwa kuizalisha, na kuna uwezekano mkubwa kwamba wengi wenu mmewahi kuila kwenye mtindi wa stroberi au kuipaka mdomoni. Kwenye pakiti huandikwa E120.

Mwaka 1856 kijana wa London, William Perkin, alitengeneza rangi ya zambarau kutokana na lami ya makaa ya mawe, na baada yake zikaja rangi za viwandani za kila aina. Zilipofika Andes zilipokelewa kwa furaha, na ningekuwa mimi ningezipokea pia: pakiti moja, maji ya moto, umemaliza. Kisha ukaja uzi wa akriliki, ambao haudai hata kusokotwa. Kufikia katikati ya karne iliyopita vijiji vingi viliacha rangi za asili, na sampuli ngumu zikaanza kubaki vichwani mwa wazee tu.

Aliyehangaika na hilo kule Chinchero ni mwenyeji wao, Nilda Callañaupa Alvarez, mfumaji tangu utotoni. Yeye na wenzake walianza kwa kuwaendea wazee na kuwauliza, na mwaka 1996 wakaunda rasmi Kituo cha Nguo za Jadi cha Cusco. Kituo kinafanya kazi na vijiji kadhaa vya mkoa huo, kila kijiji na sampuli zake. Ninachokipenda kwao si maonyesho wala vitabu. Ni kikaratasi. Nguo ikiuzwa dukani kwao, inakuwa na kikaratasi chenye jina la aliyeifuma na kijiji chake. Sisi mafundi, ambao lebo ya jina letu huwa ya kwanza kung'olewa na mwenye duka, tunaelewa uzito wa jambo hilo.

Bolivia pia ina habari yake, nitaipita upesi ingawa haistahili. Karibu na Sucre wako Wajalq'a, ambao nguo zao ni nyekundu na nyeusi, zimejaa wanyama wa ajabu waitwao khurus, waliopinduliwa, wanaomezana, wengine matumboni mwao mna wengine. Huwezi kusema juu ni wapi na chini ni wapi. Majirani zao wa Tarabuco wanafuma kinyume kabisa: mistari iliyopangika, watu, farasi, mavuno, kila kitu mahali pake. Ni mwendo wa saa chache kati yao, lugha ni moja, na huwezi kuchanganya nguo zao hata gizani. Mbunifu anayeandika "mtindo wa Andes" kwenye tangazo lake amezifuta zote mbili kwa maneno matatu.

Kwenye kisiwa cha Taquile, katika ziwa Titicaca, wanawake wanafuma na wanaume wanafuma kwa sindano kofia zinazoitwa chullo. Mvulana hujifunza mapema. Kofia nyekundu yote ni ya aliyeoa. Yenye nyeupe upande wa juu ni ya ambaye bado. Nyuzi zinabana kiasi kwamba, kama wenyeji wanavyopenda kuwasimulia wageni, baba mkwe hutia maji kwenye kofia ya mchumba kuona kama yatavuja. Kuna pia mshipi wa kalenda, ambao sampuli zake zinafuata misimu ya kilimo na sherehe za mwaka. UNESCO iliitangaza sanaa hii ya Taquile mwaka 2005 na kuiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2008. Miaka hiyohiyo, kwa taratibu hizohizo, waliingia majirani zetu wa Uganda kwa nguo zao za gome la mti wa mutuba. Nguo zile nazo sasa zinakatwa mikoba na vifuniko vya vitabu, kwa hiyo swali la leo haliko Peru peke yake.

Basi, kwa anayetaka kununua. Ukiletewa kitambaa kinachodaiwa kimefumwa kwa mkono, tazama kwanza kingo. Nguo ya namna ya lliklla ina kingo nne zilizofumwa. Kisha geuza. Nyingi za nguo hizi huonyesha sampuli ileile nyuma, rangi zikiwa zimebadilishana. Cha mashine mara nyingi kina nyuzi ndefu zinazoning'inia nyuma. Kisha omba uzi mmoja uuchome. Sufu inanuka nywele na kugeuka majivu, akriliki inayeyuka na kuganda kama plastiki. Hilo la mwisho mafundi wazee mnalijua. Masoko ya Cusco yamejaa akriliki, nayo inauzwa kwa maneno matamu. Yamejaa pia mikoba na viatu vilivyokatwa kutoka kwenye mitandio ya zamani, na hapo ndipo roho inaponiuma, kwa sababu mkasi wa dakika moja umepita juu ya miezi ya mtu.

Mtaniuliza tufanyeje, tusizitumie? Zitumieni. Agizeni jakima kwa mita mnazozihitaji na kuzishona kwenye mkono wa gauni au ukosi bila kukata kitu. Utepe umeumbwa kwa kazi ya namna hiyo. Mkitaka kipande cha mgongo wa koti, pelekeni vipimo kwa mfumaji, akifume kikiwa na kingo zake, nanyi mkizungushie bayeta au denimu. Itawagharimu zaidi na mtasubiri. Mteja wenu aambiwe hivyo mapema, na jina la mfumaji liwe ndani ya koti karibu na lenu. Na mishipi ya chumpi ina nyuzi zilizosukwa mwishoni kwa ajili ya kufungia. Msizikate mkaweka bizimu. Atakayeona bizimu ni lazima ashone kipitisho cha ngozi pembeni, mshipi uingie na kutoka.

Asanteni kwa kunivumilia. Tuanze maswali na yule dada wa nyuma, aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja cherehani za Colca.